Moja na Nusu

Simu ya tatu wiki hii, na leo ni Jumatano tu.
"Fundi Ishbel, nyumba imepoa tena."
Chukua tochi, Bwana Geddes,
piga magoti mbele ya boila, unisomee mshale.
Ananisomea kwanza hali ya hewa:
theluji juu ya paa la kanisa,
barabara zote za Dundee zimekuwa kioo,
paka wa jirani kaingia na hataki kutoka.
"Mshale, Bwana Geddes."
"Nusu. Chini ya nusu kidogo."

Presha ya nyumba haina tofauti na ya mtu.
Ikishuka, kichwa hutangulia kupoa: vyumba vya ghorofani.
Ikipanda, itatafuta pa kutokea.
Kipimo chake huitwa baa,
na wanagenzi wangu huwaambia:
nusu baa ni baa, baa tatu ni baa;
moja na nusu, boila ikiwa baridi, ndiyo amani.

"Chini, kati ya mabomba mawili, kuna mpira uliosukwa kwa chuma.
Fungua vali ya kwanza. Sasa ya pili, polepole,
kama unavyofungua mlango wa chumba alimolala mtoto."
"Inanifokea."
"Iache ifoke. Angalia mshale."
"Moja... moja na robo... na nusu. Nimefunga."
"Zote mbili?"
Kimya.
"Zote mbili sasa."

Alhamisi nikaenda mwenyewe.
Maji hayapotei hivi hivi.
Nilipapasa kila kiungo kwa karatasi ya chooni: kavu.
Tangi la upanuzi nikalipima kwa geji ya matairi: zima.
Nikalala kifudifudi juu ya zulia,
nikaanza kuishuku sakafu.

Saa nne kamili akavuta uzi wa katani shingoni,
mwishoni ufunguo mdogo wa shaba.
Akachukua kikombe, akaanza mzunguko wake.
Rejeta ya sebuleni: tsss, tone, mchirizi. Funga.
Ya ukumbini: tsss.
Rejeta nane, asubuhi na jioni.
"Hewa ni adui," akaniambia bila kugeuka.
"Baba alichochea tanuri la kiwanda cha magunia miaka thelathini.
Kila alfajiri alitoa hewa.
Hakuna siku mashine zilisimama."

Utamwambiaje mtu wa miaka themanini na mmoja
kwamba tundu ni yeye?

Tulikaa kwenye ngazi, kikombe katikati yetu,
maji ndani yake meusi kama kahawa iliyosahauliwa jikoni.
Nikasema: kila unachomwaga unakirudisha kwa maji ya bomba,
na maji mapya huja na hewa mpya tumboni.
Hewa inakula chuma, kutu inazaa gesi,
gesi inapanda, unaisikia ikigugumia ukutani,
unashika ufunguo.
Haya meusi yamekwisha kula. Yameshiba.
Yaache yazunguke.

"Machafu hivi?"
"Machafu hivi."

Paka akapita, akanusa kikombe, akaghairi.
Bwana Geddes akauvua ule uzi;
ukanasa kwenye miwani, akaunasua bila haraka,
akaniwekea ufunguo kiganjani
ukiwa bado na joto la kifua chake.
Hakukuwa na kitu cha moto zaidi mle ndani siku ile.

Sasa unalia ndani ya gari langu, kwenye kopo la washa,
kila nikipita penye mashimo.

Siku nane hakupiga.
Ya tisa, saa tatu usiku, mikono yangu ikiwa kwenye unga:
"Fundi Ishbel."
"Imeshuka?"
"Moja na nusu."
"Vizuri."
"Nilidhani ungependa kujua."
Ningeweza kukata.
Nikaibana simu kwa bega, nikasubiri hali ya hewa.